Kipimo cha Mteremko

Pale kwenye duka la magari walimwita Asali. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu, na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimwita "mdogo wangu" ingawa mdogo mwenyewe alishafika miaka arobaini na minne na kichwa kimeanza kuota mvi. Alikuwa mtu wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba kabla ya kula, aliwatembelea wagonjwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Lakini mtu anaweza kuwa na nyumba safi, na bado akawa na kona moja asiyoifagia.

Kona ya Asali ilikuwa barabarani.

Duka lao lilikuwa juu ya mji, jirani na matangi ya maji, na ukitoka getini barabara inashuka moja kwa moja kilomita nne hadi kwenye mzunguko wa chini. Mteja akija kujaribu gari, Asali alimwambia, "Hapa getini malori ni mengi, acha nikutoe mimi, usukani nitakupa chini." Basi anashika usukani, na kabla hajaachia breki, kidole gumba kinabonyeza kitufe kidogo na kukishikilia mpaka namba za matumizi ya mafuta zinarudi sifuri. Halafu wanashuka. Gari linaposhuka bila kukanyagwa mafuta, injini hainywi hata tone. Wakifika chini kioo cha dashibodi kinasoma kilomita ishirini na sita kwa lita moja, siku nyingine ishirini na nane.

"Jisomee mwenyewe, mzee. Mimi sisemi kitu," Asali husema.

Kisha wanabadilishana viti, na kabla ya kupanda, anageuza kioo kionyeshe muziki. Mteja akikanyaga, ile tabo inayosukuma hewa kwenye injini inashika, gari linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na mzee mzima anacheka kama mtoto. Hapo ndipo mafuta yanapoteketea kuliko mahali pote, na hapo ndipo kioo kinapoimba nyimbo.

Hakulibuni yeye jambo hilo. Alilikuta kwa aliyemtangulia, naye alilikuta kwa mwingine. Waliliita "kumshusha mteja", wakilisema bila kupepesa macho, kama mtu anavyosema "kumpa mteja kiti". Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Ya Asali ilikuwa na kilomita nne tu, tena za lami nzuri.

Mwaka huo lilikuja gari jipya la familia, refu, lenye viti saba na injini ndogo yenye tabo. Lilikuwa gari zuri kweli, tusilionee. Mlango wa buti ulifunguka wenyewe ukipitisha mguu chini ya bampa. Kwenye taa nyekundu injini ilijizima, ukiachia breki ikawaka. Ukivuka mstari wa barabara lilikuonya kwa mlio mdogo kama wa kifaranga. Na viti vya katikati vililala chali kabisa, mtu mwenye maumivu akanyoosha mwili.

Kwa ajili ya viti hivyo dada yake alikuja.

Dada alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule kwa miaka thelathini. Mumewe, fundi mwashi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, na kila baada ya wiki kadhaa alitakiwa hospitali ya mifupa iliyo ng'ambo ya milima, kilomita mia tatu kwenda na mia tatu kurudi. Kwenye basi alilia kama mtoto. Ndipo mwanamke huyu, akiwa na miaka hamsini na mbili, akajifunza udereva. Waliofanya naye mtihani walikuwa rika la watoto wake, akawashinda wote kuegesha gari kinyumenyume, maana jicho lililozoea kunyoosha pindo halishindwi na mstari uliochorwa chini.

Asali alimpokea kwa furaha. Alikuwa ameapa moyoni kwamba kwa dada hatafanya. Lakini walipofika getini akasikia mdomo wake unasema, "Acha nikutoe mimi, dada, malori ni mengi," na kidole gumba kikawa kimeshafanya kazi yake. Chini kioo kilisoma ishirini na sita.

"Dada, wewe ni damu yangu," alisema, na wakati ule aliona kama anatenda haki. "Nitakupunguzia, nisikudanganye. Shika ishirini. Tangi ni lita hamsini. Ishirini mara hamsini ni elfu moja. Utakwenda na kurudi, na mafuta yatabaki."

"Ya kutosha?"

"Ya kutosha kabisa."

Dada akapiga hesabu zake kwa vidole, akaridhika, akashukuru Mungu kwa kumpa mdogo anayejua mambo.

Safari ya kwanza ya hospitali ilikuwa wiki ya sita. Jumapili moja, wiki tatu baadaye, dada akampigia simu, "Mdogo wangu, pita nyumbani. Nina neno, na si la kwenye simu."

Alimkuta kwenye chumba cha kushonea, marundo ya sare za bluu yakiwa yamefika dirishani. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake kirefu pembeni ya mlango, mguu juu ya stuli. Dada hakumtazama usoni. Alikuwa akichomoa pini kwenye kifurushi na kuzirudisha palepale.

"Nimekuaibisha," alisema.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Gari ulilonipa ni zima. Mimi ndiye sijui kuliendesha."

Shemeji akadakia kutoka kwenye kiti, "Mwambie vizuri. Mwambie ana mguu wa tembo. Tembo akikanyaga, kisima kinakauka!"

"Baba, niache niseme mwenyewe."

Akasimulia. Walijaza tangi, wakaenda vizuri, wakarudi vizuri. Kilomita mia moja hivi kabla ya nyumbani taa ya mafuta ikawaka. Mbele kidogo, kwenye njia panda, palikuwa na kituo cha mafuta. Aliegesha kando yake, akashuka, akapiga magoti akanusa chini ya gari kama panavuja. Hapakuvuja. Akawaza, taa inaweza kukosea, mdogo wangu hakosei. Akaendelea.

"Nilikuwa nakiona kituo kwenye kioo cha pembeni kinazidi kuwa kidogo," alisema. "Nikajiambia, nikinunua hapa ni kama nimemwita mwongo."

Gari lilizimika mahali pasipo hata kivuli, saa tisa mchana. Walikaa saa mbili. Shemeji akabanwa na haja ndogo, na mkewe peke yake hakuweza kumwinua. Ikabidi dereva wa lori la vitunguu na abiria wake, watu wasiowajua, wamshike kwapani huku na huku pembeni ya barabara, magari yakipita. Suruali ilikuwa imeshalowa kabla hawajamfikisha majanini. Dereva yule ndiye aliyewapa mafuta ya kwenye dumu.

Shemeji safari hii hakutania. Alikuwa anatazama stuli.

"Sasa nimejirekebisha," dada aliendelea haraka. "Kiyoyozi sikiwashi. Viatu navua, mguu uwe mwepesi. Na nimetengeneza kitu, njoo uone, wewe ndiye mtaalamu."

Wakatoka. Dada akafungua mlango wa dereva akamwonyesha chini. Nyuma ya pedali ya mafuta alikuwa amefunga kimto kidogo cha sponji, kimevikwa kitambaa cha sare, kimeshonwa mishono miwili miwili na kufungwa kwa tepe imara. Pedali ikikanyagwa, kimto kinaizuia isishuke zaidi ya nusu.

"Kilimani malori yananipigia honi," alisema. "Juzi moja lilinisukuma kwa honi mpaka juu, nikawa nalia. Lakini hata hivyo napata kilomita kumi na moja tu. Kumi na moja, mdogo wangu! Wenzangu uliowauzia wanapata ishirini."

Asali aliinama pale akashika kile kimto. Uso ulimwaka moto, na masikio, na hata nyuma ya shingo. Gari lile, likiwa na watu na mizigo na milima, linatembea kilomita kumi au kumi na moja kwa lita. Alijua. Wote dukani walijua. Dada yake alikuwa anakwenda sawasawa na lilivyoumbwa gari, na kwa ajili hiyo alikuwa amejifunga breki ya sponji mbele ya malori.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Alifungua mdomo, na asali ikatoka yenyewe.

"Labda mafuta ya kule hospitali hayakuwa mazuri, dada. Na gari jipya lina mambo yake. Litazoea."

Shemeji akaita kutoka mlangoni, "Umeona? Mpaka mdogo wako anakufichia aibu!"

Dada akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesamehewa deni ambalo hakulikopa. "Safari ya Jumanne ijayo nikishindwa tena," alisema, "nitakukabidhi funguo. Tutafute dereva, au baba arudi kwenye basi. Gari si la watu wa aina yangu."

Asali alikifungua kimto akidai kwamba kitaharibu pedali, akakitia mfukoni, akaaga bila kunywa chai.

Siku zile hakula vizuri. Kila alipopiga magoti kuomba, maneno yalimwishia kwenye "Baba" tu. Jumatatu alikuja mteja na mkewe, akawatoa getini. Mkono ulipofika kwenye usukani, kidole kikasogea, akakirudisha. Wakashuka bila kufuta namba, kioo kikisoma kumi na moja na pointi mbili. Mteja akasema, "Mbona linakunywa hivi?" Asali akasema, "Ndivyo linavyokunywa." Mke wa mteja akamshika mumewe mkono, wakaenda duka la ng'ambo. Bosi aliuliza kimetokea nini. Asali akajibu, "Kichwa kinaniuma, bosi," na hakuwa amedanganya. Akaomba ruhusa ya Jumanne.

Alfajiri alikuwa mlangoni kwa dada. "Leo naendesha mimi," alisema.

"Leo tutauona mguu wa malaika," shemeji alisema wakimlaza kwenye kiti cha katikati.

Mpango wake ulikuwa wa mtu mwoga. Aliwaza hivi: nikiendesha mimi, namba ikawa ileile, dada ataona si kosa lake, na mimi sitalazimika kutamka neno. Walijaza tangi mpaka pampu ikakata yenyewe. Akaendesha kwa adabu zote anazozijua, hakushindana na mtu, hakukanyaga kwa hasira. Wakavuka milima, wakafika saa nne na nusu. Walipomaliza kwa daktari wakapita kituo cha mafuta jirani na hospitali, wakajaza tena mpaka pampu ikakata.

Mhudumu akasema, "Lita ishirini na saba."

Dada alitoa chaki ya kushonea kwenye mkoba, akagawanya mia tatu kwa ishirini na saba juu ya boksi la dawa la mumewe. Akarudia kugawanya. "Kumi na moja," alisema polepole. Halafu akapaza sauti mpaka mhudumu akageuka. "Kumi na moja! Baba, kumi na moja! Si mguu wangu!"

"Nimesikia," shemeji alijibu chinichini. "Tembo wako wawili."

"Basi si mimi!" Dada alicheka, machozi yanamtoka, akamfuta shemeji vumbi kwenye bega ambako hakukuwa na vumbi. Asali akacheka nao. Akafikiri amepona.

Lakini hawakuwa wamemaliza hata kilomita kumi dada akasema, "Wamekudanganya na wewe."

"Nani?"

"Hao wenye duka. Wamekupa namba ya uongo, ukanipa mimi kwa moyo mweupe. Maskini mdogo wangu! Unafanya kazi na watu wabaya. Kesho nakwenda kwa bosi wako. Nitamwambia mbele ya wote, kijana wangu nimemlea mimi, kuchukua hata kipande cha uzi kisicho chake hawezi, msimharibie jina."

"Dada, usiende."

"Nitakwenda! Unaogopa kufukuzwa? Riziki inatoka kwa Mungu."

Kilomita mia mbili na tisini zilikuwa zimebaki, na njia nzima dada alimtetea. Alimkumbusha shemeji jinsi Asali, alipokuwa mdogo, alivyorudisha pini mbili alizoziokota dukani kwa mtu. Alimwombea hadharani, palepale kitini, Mungu amlinde na mabosi waongo. Kila sifa ilimchoma. Angetukanwa, angepata pa kujishikia. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na dada mwenyewe. Angenyamaza tu, angetoka safi kuliko alivyoingia. Na kesho mwanamke mwenye miaka hamsini na mbili angesimama katikati ya duka la magari, mkoba kifuani, akiapa juu ya moyo wake mweupe mbele ya wauzaji wanne wanaojua kila kitu, wakiuma midomo wasicheke.

Kulipokuwa kunakaribia saa kumi na mbili jioni wakaingia mjini upande wa juu. Kwenye matangi ya maji Asali akaegesha. Duka lilikuwa limeshafungwa.

"Mbona hapa?" dada aliuliza.

"Tazama kidole changu," alisema. Akabonyeza kitufe, akakishikilia, namba zikarudi sifuri. Akaachia breki. Wakashuka, gari likiteleza kimya. Kwenye mzunguko akasimama pembeni. Kioo kilisoma ishirini na saba.

Dada alikitazama kioo. Akatazama mteremko nyuma yao. Akakitazama tena kioo. Mtu aliyezoea kukata kitambaa hahitaji kuelezwa mara mbili pale kipimo kilipochezewa.

"Na mimi ulinishusha hivi?"

"Nilikushusha."

"Ukijua?"

Alitaka kusema ni mazoea, ni kidole, ni kazi ilivyo. "Nikijua," alisema.

"Na Jumapili, nilipokuonyesha kile kimto?"

"Nilijua."

Dada hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alizikunja nguo zake juu ya magoti kama anazipimia pindo. Shemeji kule nyuma akakohoa, akasema, "Mke wangu, mimi nilikuita tembo mbele ya watu." Dada akapitisha mkono nyuma bila kugeuka, mumewe akaushika.

"Umeuza mangapi ya namna hii?" aliuliza hatimaye.

"Haya mapya? Kumi na tisa."

"Na wote uliwashusha?"

"Wote."

"Basi mahali fulani kuna mtu mwingine anayevua viatu," dada alisema. "Kwa bosi wako siendi. Nitakwenda kusema nini? Wewe ndiye utakayewatafuta, mmoja mmoja, kwa mdomo huohuo. Sasa nipishe, mume wangu anataka kufika nyumbani."

Akashuka, akazunguka, akaketi kwenye usukani na viatu vyake miguuni. Asali alibaki amesimama pembeni ya mzunguko, maana hakuambiwa apande na hakuthubutu kuuliza. Gari likapanda kilima kwa nguvu zake zote. Hapakuwa na honi.

Asubuhi alifika kazini kabla ya wenzake, akakaa kwenye meza yake bila kufungua dirisha. Akachukua simu na orodha ya wateja wake. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa heshima, aliyechukua gari la rangi ya fedha. Simu iliita mara mbili tu.

"Aa, Asali!" mzee alisema kwa furaha, halafu sauti ikashuka. "Mwanangu, nilikuwa naona haya kukupigia. Lile gari, nadhani nyumbani kwangu hatulijui. Mke wangu analimaliza mafuta vibaya sana. Tumegombana mpaka nimemnyang'anya funguo. Hebu nieleze, mnawafundishaje wenzetu?"

Asali alifumba macho. Nje wenzake walikuwa wameanza kuingia, wakisalimiana, na mmoja alikuwa anafungua lile geti.

"Mzee," alisema, "mama yupo karibu?"

"Yupo jikoni."

"Mwite, tafadhali. Nataka asikie na yeye."